UZI: "Ndiyo" ya kampuni inatoka kwa nani? Mjapani, Mkorea, Mchina na Mtaiwani

Mzee wa Mihuri (mwenye uzi)

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi wa biashara na watu wa Mashariki ya Mbali, ukurasa wa kwanza haujaisha tayari watu wameshamwaga "Waasia wana nidhamu", "wanachapa kazi kama mchwa". Unasoma wee, unaondoka mikono mitupu. Mjapani, Mkorea, Mchina wa bara na Mtaiwani wana namna nne za kuendesha kampuni, na ukitaka kuzielewa usianze na tabia za watu. Anza na pesa: ilitoka wapi, na nani anaumia mambo yakiharibika.

Kwa mkazi wa Dar mfano uko barabarani. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, lilijengwa na Sumitomo Mitsui Construction ya Japani. La Kijazi pale Ubungo, Februari 2021, ni la CCECC ya China. Daraja la Tanzanite linalopita juu ya maji, Machi 2022, ni la GS Engineering & Construction ya Korea Kusini. Dereva wa daladala haoni tofauti. Sasa zichimbue kampuni zenyewe.

Sumitomo na Mitsui ni majina ya nyumba mbili kongwe za biashara. Benki zao ziliungana 2001, kampuni zao za ujenzi zikaungana 2003. Benki ilitangulia, wengine wakafuata. GS ilikuwa sehemu ya LG mpaka 2005, pale ukoo wa Koo na ukoo wa Huh, wabia tangu miaka ya 1940, walipogawana mali. CCECC ilizaliwa 1979 kutokana na ofisi ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ileile iliyoshughulika na ujenzi wa reli ya TAZARA.

Benki, ukoo, serikali. Ukishika hayo matatu, mengine yote yanajieleza. Mtaiwani hana daraja kwenye orodha hii ila tutamfikia, maana kwake kampuni ni mume na mke. Wenye nondo karibuni. Naomba tusiletane hadithi za safari, leteni utaratibu.

---

Kijana wa Chuo

Naweka kambi hapa. Swali la haraka mkuu: keiretsu za Japani na chaebol za Korea, yale makundi makubwa ya kampuni, si kitu kimoja, ila lugha tu?

---

Mzee wa Mihuri

Hapana kijana, ila najua ulipochanganyia. Neno linalolingana na chaebol ni zaibatsu. Yanaandikwa kwa herufi zilezile mbili za Kichina, Mjapani anasoma zaibatsu na Mkorea anasoma chaebol. Zaibatsu zilikuwa mali za koo: Mitsui, Mitsubishi, Sumitomo, Yasuda. Baada ya vita Wamarekani waliotawala Japani walizivunja, na sheria ya 1947 ikapiga marufuku kampuni mama zisizo na kazi nyingine ila kushika hisa za wenzao. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1997.

Ukoo ukaondolewa kileleni, ila kampuni zikabaki na jina moja na mazoea ya kusaidiana. Zikarudi kukaa pamoja kuizunguka benki, kila moja ikishika kipande kidogo cha hisa za mwenzake. Hiyo ndiyo keiretsu. Mviringo wa jirani na jirani, hauna baba. Chaebol ina baba, na baba ana mtoto anayesubiri kiti.

---

Karani Mkuu

Nianze na Japani, maana ndiko watu wanakokata tamaa mapema.

Kwa Mjapani kikao si mahali pa kuamua. Ni mahali pa kutangaza kilichokwisha kuamuliwa. Kazi yenyewe inafanyika kabla, kwa hatua mbili.

Ya kwanza ni nemawashi, neno la watunza bustani. Ukitaka kuhamisha mti mkubwa unachimba kuuzunguka mapema na kuiandaa mizizi kidogo kidogo, ili siku ya kuung'oa usife. Ofisini maana yake afisa anampitia kila mtu atakayeguswa na jambo, mmoja mmoja, bila karatasi. Anauliza nini kinamkera, anarudi kurekebisha, anapita tena.

Ya pili ni ringi. Hati inaandikwa na mtu wa chini, na juu yake kuna safu ya visanduku, kila kimoja cha mhuri wa cheo fulani: kakaricho anayeongoza kikundi kidogo, kacho mkuu wa sehemu, bucho mkuu wa idara, halafu wakurugenzi mpaka shacho mwenyewe. Kiasi cha pesa ndicho kinachosema hati iishie kwa nani. Siku hizi hati nyingi zinapita kwenye kompyuta, lakini visanduku havijafutwa. Kuna ofisi ambako mdogo hugonga mhuri wake ukiwa umelala kidogo kushoto, uelekee mhuri wa mkubwa kama anayemwinamia.

Panapoharibika:

Unapunguza bei ukiwa kikaoni ukidhani unawafurahisha. Umewaharibia. Hati iliyogongwa mihuri ilikuwa na bei nyingine, sasa irudi kwa yule wa chini ianze upya. Punguzo litoe wakati wa nemawashi.

Unaruka ngazi na kumwandikia shacho. Shacho atakushukuru, barua itashushwa kwa kacho, na kacho sasa ana sababu ya kukuona mtu wa hatari.

Unasikia "kento shimasu", yaani tutalichunguza, unarudi hotelini unashangilia. Mara nyingi hiyo ni hapana iliyovaa kanzu.

Dawa ni moja: mwandikie afisa wa chini karatasi anayoweza kuinakili kwenye hati yake. Weka bei yako ikilinganishwa na za washindani wawili, maana mkubwa atauliza tu. Weka sababu ya kufanya mwaka huu na si ujao, kinachoweza kuharibika na namna ya kukitibu, na nani mwingine anatumia bidhaa hiyo. Ukurasa mmoja. Ikishapita utashangaa kasi, kwa sababu wa ghala, wa fedha na wa mitambo walishakubali kabla hujajua. Hasara yake nayo ipo: kukiwa na mihuri kumi kwenye karatasi, jambo likibuma hakuna mwenye kosa.

---

Bi Hesabu

Karani Mkuu umeeleza vizuri, ila umeiacha benki, na bila benki huelewi kwa nini walimudu uvivu huo wa kuamua.

Kwenye mfumo wao wa zamani kila kampuni kubwa ilikuwa na benki mlezi. Imekukopesha kuliko benki nyingine, ina kipande cha hisa zako, inajua hesabu zako kila mwezi kwa sababu malipo yako yanapita kwake. Mambo yakienda sawa inanyamaza. Yakienda vibaya inaingia ndani. Mazda ni mfano wa vitabuni. Injini zake za rotari zilikuwa zinakunywa mafuta, bei ya mafuta ikapanda 1973, magari yakalala yadi. Sumitomo Bank ikapeleka watu wake kukaa kwenye uongozi, ikawatuliza wakopeshaji wengine, na 1979 Ford ikachukua karibu robo ya hisa. Wafanyakazi wa kiwandani hawakutimuliwa. Maelfu walipelekwa kwa zamu kuuza magari kwenye maduka ya mawakala.

Mwenye hisa wa namna hiyo hakubanii faida ya robo mwaka, kwa hiyo nemawashi ya miezi mitatu inawezekana. Lakini benki mlezi ambaye hataki kuitangaza hasara yake anaendelea kumlisha maiti. Baada ya bei za ardhi na hisa kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, benki ziliendelea kukopesha kampuni zilizokufa zikitembea, hadi Novemba 1997 Hokkaido Takushoku Bank na kampuni ya hisa ya Yamaichi zikaanguka mwezi mmoja. Nissan nayo ilipookolewa na Renault 1999 ilikutwa na hisa katika kampuni 1,394. Carlos Ghosn, aliyeletwa na Renault kuiongoza, akatangaza ataziuza zote isipokuwa nne.

---

Fundi Spana

Upande wa kiwandani sasa, maana ndiko kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, inakokaririwa bila kueleweka.

Kanban ni kadi. Hakuna anayetengeneza kitu bila kadi kurudi kutoka kwa anayekitumia. Hesabu ya kadi: mahitaji kwa saa, mara muda wa kasha kwenda na kurudi, ongeza akiba kidogo, gawa kwa vitu vinavyoingia kwenye kasha. Mstari unakula vipande 240 kwa saa, kasha linachukua saa 2, akiba asilimia 10, kasha linabeba 24: 240 × 2 × 1.1 ÷ 24 = kadi 22. Ukiweka 40 "kwa usalama" umeshaua kanban, umerudi kwenye ghala la kawaida lenye kadi za mapambo.

Kamba ya andon: mfanyakazi akiona kasoro anavuta, taa inawaka, kiongozi wa kikundi anakuja. Mstari hausimami papo hapo. Unaendelea mpaka alama iliyopakwa sakafuni, kasoro isipomalizika hapo ndipo unasimama. Wanaoiga wanaweka kamba, kisha anayevuta anagombezwa. Wiki ya pili hakuna anayevuta.

Watu husema mfumo usio na ghala ni wa hatari, wakitaja moto wa Aisin Seiki. Ni kweli. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin pale Kariya kiliungua. Kilikuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za Toyota, kifaa kidogo cha kushika kiganjani, na akiba iliyokuwepo haikuvuka siku mbili tatu. Viwanda vya Toyota vikasimama. Lakini soma mwisho wake: Aisin iligawa michoro, zaidi ya kampuni 60 zikaanza kuchonga vali hizo kwenye mashine za kazi nyingine. Moja ilikuwa Brother, ya cherehani. Bei haikujadiliwa mwanzoni. Ndani ya wiki magari yakaanza kutoka tena. Hesabu ilifanyika baadaye, Aisin ikalipa gharama za kila mmoja. Huwezi kununua jambo hilo kwa mkataba. Linatokana na miaka ya kujua kuwa mwenzako hatakubana shingo ukiwa chini.

---

Kijana wa Chuo

Fundi, mbona huku 5S, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ipo kila mahali na hatuoni matokeo hayo? Hospitali zimebandika hadi ukutani.

---

Fundi Spana

Ilianza hospitali ya rufaa Mbeya 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na waliotafsiri walifanya kazi nzuri: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Tatu za kwanza ni za wikendi moja. Unatupa vitu vibovu, unachora mistari ya njano, unapiga picha. Ya nne na ya tano ndizo zenye gharama, kwa sababu zinahitaji msimamizi ambaye haondoki na mfanyakazi ambaye haogopi.

Chukua chumba chenye watu watano. Wakiboresha kazi, wanne wanatosha. Pale Toyota wa tano, tena mara nyingi yule hodari, anahamishiwa kwingine. Ukimwachisha kazi, hao wanne hawatakuletea wazo jingine mpaka unastaafu. Hakuna bango linaloziba hapo.

---

Mwana wa Kariakoo

Twende Korea. Huko "ndiyo" inashuka, haipandi.

Ngazi za ofisini: sawon, daeri, gwajang, chajang, bujang, halafu wanaingia wakurugenzi: sangmu, jeonmu, mpaka sajang, na juu kabisa hoejang, mwenyekiti wa kundi zima. Mtu haitwi kwa jina, anaitwa kwa cheo na kiambishi cha heshima: Kim bujang-nim. Kampuni kadhaa zimefuta ngazi na kuwaita wote kwa neno moja, lakini kwenye barua bado unajua nani ni nani.

Karatasi ya idhini nao wanayo, gyeoljae, yenye visanduku kama ringi. Tofauti ni kwamba mara nyingi inaandikwa baada ya mkubwa kuonyesha anakotaka. Bujang akishapata ishara, vijana wanakesha kuandaa hesabu za kuithibitisha. Ndiyo maana Mkorea atakujibu Ijumaa usiku akitaka bei kabla ya Jumatatu. Wenyewe wanaita ppalli-ppalli, haraka-haraka, na kwao haraka haikosi baraka.

Usichokijua kitakuumiza Desemba. Wakurugenzi wengi wa kampuni hizi wanakaa kwa mkataba mfupi, mara nyingi wa mwaka mmoja mmoja, na mabadiliko ya vyeo yanatangazwa mwishoni mwa mwaka. Wakorea wanatania kwamba neno imwon, mkurugenzi, ni kifupi cha "mfanyakazi wa muda". Sangmu wako akiondoka, ahadi alizokupa kwa mdomo zimeondoka naye. Kwa hiyo kila makubaliano ya mwaka yawe kwenye karatasi kabla ya Novemba, na ujuane na bujang wa chini yake.

---

Bi Hesabu

Na hivi ndivyo familia inavyotawala kwa pesa kidogo. Tuseme kampuni A ina hisa za shilingi milioni 100, familia ina 30. A inanunua asilimia 30 ya B, inatosha kuitawala. B inanunua asilimia 30 ya C. C inageuka inanunua asilimia 21 ya A. Hesabu kura ndani ya A: 30 za familia na 21 za C, ambayo inaamriwa na familia kupitia B. Jumla 51. Kwenye mfuko wa familia zimetoka 30 tu. Mizunguko mipya ya aina hii ilipigwa marufuku 2014. Ya zamani ikaachwa ifunguliwe taratibu.

Zaibatsu za kale zilikuwa na benki zao. Chaebol hazikuruhusiwa. Park Chung-hee alipochukua madaraka 1961 serikali ilizitia benki mkononi, na mikopo nafuu ikawa fimbo na pipi: jenga meli, uza nje, upate tena. Kwa hiyo chaebol zilikua kwa deni na si kwa mtaji, na kampuni ndugu zilidhaminiana mikopo. Mmoja akianguka anavuta wote. Hanbo, chaebol ya chuma, ilianguka Januari 1997, Kia ya magari ikafuata, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likaingia Desemba. Wakati huo makundi makubwa yalikuwa na wastani wa deni zaidi ya mara nne ya mtaji wao. Serikali ikawaamuru washuke hadi mara mbili ifikapo mwisho wa 1999. Daewoo haikufika, ikasambaratika mwaka huohuo.

---

Shehe Mirathi

Jamani, mmesema pesa, pesa, pesa. Mimi nasema mmesahau mirathi. Ukitaka kujua kampuni itakaaje baada ya miaka 50, angalia mali inagawanywaje mwenye nayo akifa.

Kwa Mjapani wa zamani nyumba haikugawanywa, ilirithiwa na mmoja. Na huyo mmoja si lazima awe wa damu: mtoto wa kiume akiwa hafai, wanamchukua mkwe, anabadili jina, anakuwa mwana. Osamu Suzuki aliyeongoza Suzuki kwa miongo alizaliwa Matsuda. Ukiweza kumuasili meneja mzuri, hushangai Mjapani kumwamini meneja asiye ndugu.

Kwa Mchina wana wa kiume waligawana sawa. Biashara ya baba mwenye watoto watatu inakuwa biashara tatu. Kwa Mkorea mkubwa anapewa fungu nono na wengine wanapata vipande, ndiyo maana kutoka kwa Samsung moja ya Lee Byung-chul zilichomoka CJ, Shinsegae na Hansol, na wana wa Hyundai waligombana hadharani mwaka 2000. Juu ya hapo kodi ya urithi ya Korea inafika asilimia 50, na 60 kwa hisa za mwenye usukani. Warithi wa Lee Kun-hee, mwana wa Byung-chul aliyerithi Samsung na kufariki 2020, walitangaza kulipa zaidi ya won trilioni 12. Migogoro mingi ya hisa za Korea inayokutatiza kwenye habari ni baba anatafuta njia ya kupitisha kiti bila kukiuza ili alipe kodi.

---

Karani Mkuu

Shehe, hapo nakubali nusu. Mirathi inaeleza Samsung kugawanyika. Haielezi Mazda na benki yake, wala haielezi kampuni za serikali ya China ambazo hazina baba wa kufa.

---

Shehe Mirathi

Nusu inanitosha. Angalau hujaniletea Confucius, yule mwalimu wa kale wa Kichina.

---

Mzee wa Mihuri

😂 Confucius alisomwa kote huko na bado wametoka wanne tofauti. Tusonge, China.

Tenganisheni mbili. Kampuni ya serikali kuu, kwa mfano za ujenzi na reli, iko chini ya tume ya mali ya taifa iliyoundwa 2003. Ndani yake kuna bodi kama kampuni yoyote, na kuna kamati ya Chama. Maamuzi makubwa, uteuzi wa wakuu, miradi mikubwa na matumizi ya fedha nyingi yanajadiliwa na kamati ya Chama kwanza, bodi baadaye. Mara nyingi mwenyekiti wa bodi na katibu wa Chama ni mtu mmoja. Kwa hiyo meneja wa mradi akikwambia "nasubiri Beijing", hakuzungushi.

Kampuni binafsi ni laoban, bosi mwenyewe. Anaamua mezani, na kesho anaweza kuamua tena kinyume. Kinachomfunga si saini. Ni mhuri.

Mihuri ya kampuni ya China, kwa matumizi:

Gongzhang, mhuri wa kampuni. Wa duara, wino mwekundu, nyota katikati, jina la Kichina likizunguka, kipenyo kiasi cha milimita 40. Umesajiliwa polisi. Huu unafunga kila kitu.

Hetong zhang, wa mikataba tu.

Caiwu zhang, wa fedha. Benki inautaka huu pamoja na mhuri mdogo wa mwakilishi wa kisheria wa kampuni.

Fapiao zhang, wa ankara za kodi.

Anayeshika gongzhang ameshika kampuni, hata kama bodi imemfukuza. Aprili 2020 Li Guoqing, mwanzilishi mwenza wa Dangdang, duka la mtandaoni, aliingia ofisini na wenzake akaondoka na mihuri 47 wakati akigombea kampuni na mkewe. Arm China, ya teknolojia ya chipu, nayo: bodi ilimwondoa mkuu wake Allen Wu Juni 2020, yeye akabaki na mhuri, na akaendelea kukaa hadi 2022. Mahakamani unaweza kushinda, lakini bila mhuri huendi benki.

---

Mwana wa Kariakoo

Niongezee kwa wanaoagiza kutoka Yiwu na Guangzhou, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kwanza dai leseni ya biashara. Ina namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 18. Iingize kwenye tovuti ya serikali ya kumbukumbu za kampuni, uone jina la Kichina, mwakilishi wa kisheria, na kama kampuni ipo hai. Jina la Kiingereza kwenye kadi ya biashara si jina la kisheria, wanajipa wenyewe.

Mtaji uliosajiliwa usikutishe wala kukufurahisha. Kwa miaka kampuni ziliandika mamilioni bila kuweka hata yuan moja. Sheria iliyoanza 1 Julai 2024 inataka ulipwe ndani ya miaka 5.

Mkataba uwe na Kichina, na mhuri wa kampuni au wa mikataba. Panga kurasa kama feni, mhuri ugongwe ukikatiza kingo za kurasa zote, ili ukurasa mmoja usibadilishwe baadaye. Kopi ya mhuri mweusi haina maana.

Akaunti ya benki iwe na jina lilelile la kwenye leseni. Ukiambiwa katikati ya safari "akaunti ina ukaguzi, tuma kwa shangazi", simama hapohapo, piga namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Barua pepe huwa zimeingiliwa.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kuanza na 70 kabla ya mzigo kutoka au kwa nakala ya hati ya shehena. Mkaguzi wako aende kiwandani kabla ya hiyo 70. Ukikagua Kariakoo umechelewa.

Sampuli mbili zilizofungwa na kusainiwa, moja kwako moja kwao, na uandike uzito na unene. Oda ya kwanza huwa safi. Ya tatu bati limepungua unene kidogo, kitambaa kimepungua gramu. Sio lazima awe mwizi: ulimbana bei, malighafi ikapanda, akaona aibu kukwambia. Usipoandika namba huna cha kudai.

Na Mwaka Mpya wa Kichina: wafanyakazi huondoka wiki mbili tatu kabla, na wengine hawarudi kiwanda kilekile. Mzigo wa haraka wa kabla ya sikukuu na wa kwanza baada ya sikukuu ndio wenye kasoro nyingi, kwa kuwa mikono ina haraka au ni migeni.

---

Kijana wa Chuo

Na Mtaiwani mliyemwahidi?

---

Bi Hesabu

Taiwan ni nchi ya kampuni ndogo, hata ukijua majitu ya elektroniki kama TSMC na Foxconn. Kiwanda kidogo cha skrubu kina bosi anayezunguka kutafuta oda na mke wake, laobanniang, anayeshika vitabu, mishahara, na mara nyingi mhuri mmoja kati ya miwili ya benki. Ukitaka kulipwa kwa wakati, muulizie yeye.

Benki hazikuwajali wadogo hao, kwa hiyo mtaji ulitoka kwenye biaohui. Ni mchezo kama wetu wa upatu, ila zamu inapigwa mnada. Watu 20, kila mmoja 10,000 kwa mwezi. Mkuu wa mchezo anachukua fungu la kwanza bila riba, na ndiye mdhamini. Mwezi unaofuata kila anayehitaji pesa anaandika riba kwenye karatasi. Aliyeandika 800 akishinda, wasiochukua bado wanampa 9,200 kila mmoja, waliokwisha kuchukua wanatoa 10,000 kamili. Mwenye haraka analipia haraka yake, mwenye subira anavuna. Unavunjika pale waliochukua mapema wanapotoroka, na mkuu asipoweza kuziba, mtaa mzima unaumia. Tangu 2000 umewekewa vifungu kwenye Kanuni yao ya Madai.

Cheki za tarehe ya mbele nazo zilikuwa pesa. Mpaka mwisho wa 1986 cheki ikirudi ulifungwa jela, na kwa kuwa akaunti nyingi zilifunguliwa kwa jina la mke, walioingia jela wengi walikuwa wake.

---

Karani Mkuu

Umesahau kuku.

---

Bi Hesabu

Eeh, kuku. Mwisho wa mwaka bosi anawaalika wafanyakazi karamu, weiya. Zamani kuku aliletwa mzima mezani, na yule ambaye kichwa kilimwelekea alijua kazi imekwisha. Bosi asiyetaka kumwachisha mtu alikielekeza kichwa kwake mwenyewe, watu wakala kwa amani.

---

Mwana wa Kariakoo

Kwa hiyo ukialikwa, kaa upande wa mkia.